Waraka upo, watu je? Shajara ya mradi wa kiwango huria cha kuhamisha orodha za kusoma

Januari

Rasimu ya waraka imetulia kiasi cha kuonyeshwa watu. Kwa anayeanza kusoma hapa: tunatengeneza muundo huria wa faili utakaomwezesha msomaji kuhama na orodha ya makala alizohifadhi, kutoka programu moja ya kusomea hadi nyingine, bila kupoteza alama alizoweka, maelezo aliyoandika pembeni wala mahali alipoishia. Faili yenyewe ni JSON ya kawaida, yaani maandishi yanayopanga data kwa majina na thamani zake. Hakuna uvumbuzi mkubwa humu, na sioni haja ya kuutafuta.

Shida yetu si ya kiufundi. Hazina ya mradi ina wafuatiliaji wengi, lakini wanaosema ni walewale wachache walioandika waraka. Nimewapitia wafuatiliaji hao, na wengi wana programu zinazoguswa moja kwa moja na jambo hili. Wanatazama tu. Wanangoja kuona kama kiwango kitaishi ndipo wakitie kwenye programu zao, nacho hakitaishi wasipokitia.

Kwenye kikao cha waandishi lilitolewa pendekezo la kujitangaza zaidi. Nililipinga. Tangazo huleta macho, na macho tunayo. Tunachokosa ni sababu ya mtu kutoa saa yake moja hapa badala ya kuitoa kwa programu inayomlipa mshahara. Nimeliandika swali hilo juu kabisa ya mpango wa mwaka: mtu huyu atapata nini kwa saa hiyo?

Udogo wenyewe haunitishi. Mkutano wa kwanza wa IETF, jumuiya ya wahandisi wa intaneti, Januari 1986, ulikuwa na watu 21, na chombo hicho ndicho kilichokuja kusimamia sehemu kubwa ya itifaki zinazoendesha intaneti. Lakini wale 21 walikuwa watafiti waliokuwa na mitandao ya kuunganisha. Hawakuja kutazama.

Februari

Kazi kavu kuliko zote, na imemeza mwezi mzima: leseni.

Mtunzi mmoja wa programu ya simu, mwajiriwa wa kampuni ya ukubwa wa kati, alituandikia faraghani kwamba angependa kuchangia lakini idara ya sheria ya mwajiri wake imemzuia. Hawakuwa na ubaya wowote. Walitaka kujua jambo moja: mtu anayechangia aya leo, anaweza kesho kuibuka na hataza (haki ya kipekee juu ya uvumbuzi) inayogusa aya hiyohiyo na kudai mrabaha? Rasimu ilikuwa na leseni ya kunakili maandishi, na leseni ya namna hiyo haisemi lolote kuhusu hataza.

Swali hili lina historia. Mwaka 2001 W3C, shirika la viwango vya wavuti, ilitoa rasimu ya sera ambayo ingeacha mlango wazi kwa viwango vya wavuti kutozwa ada, ilimradi ada iwe "ya haki na isiyobagua". Watengenezaji wa programu huria walikuja juu, kwa sababu anayegawa programu bure hana wateja wa kuwachangisha ada hiyo, hata iwe ya haki namna gani. Februari 2004 ikapitishwa sera tofauti kabisa: wanaoshiriki kwenye kikundi cha kazi wanaahidi kutoa bila mrabaha hataza zao ambazo bila hizo kiwango hakiwezi kutekelezwa. Watu wengi wanaoandika programu za wavuti leo hawajawahi kuisikia sera hiyo, na hiyo ndiyo dalili kwamba inafanya kazi.

Tumehamia kwenye mfumo wa vikundi vya jumuiya vya W3C, ulioanzishwa 2011. Kuanzisha kikundi kunahitaji watu 5 wa kuunga mkono. Kujiunga ni bure, na si lazima mwajiri wako awe mwanachama anayelipa ada. Kila anayejiunga anakubali mkataba wa mchangiaji unaobeba ahadi ya hakimiliki na ya hataza kwa kile anachokichangia. Mwanzoni mwa waraka tumeeleza bila kuficha kwamba ripoti ya kikundi cha jumuiya si Pendekezo rasmi la W3C, yaani kiwango kilichoidhinishwa. Kuna wenzetu waliotaka sentensi hiyo ishushwe chini, mahali pasipoonekana sana. Imebaki juu.

Yule mtunzi amejiunga. Mchango wake wa kwanza ulikuwa kuondoa mkato uliozidi mwishoni mwa safu kwenye faili ya mfano, kitu ambacho JSON haikivumilii. Mchango wa herufi moja. Nimefurahi kuupokea kuliko insha nyingi za kutupongeza.

Machi

Huu ndio mwezi wa kukumbukwa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Niliomba maoni juu ya sura inayoeleza vitambulisho vya makala. Kimya. Baadaye nikaweka faili chache kwenye hazina na kumwomba kila mwenye programu aziingize, kisha azitoe tena, na atuambie kilichotoka. Majibu yakaanza kuja siku ileile, mengine kutoka kwa watu ambao hawakuwahi kutamka neno. Kusoma waraka wa mtu mwingine ni mzigo. Kujua kama programu yako imefaulu au imeanguka ni jambo lingine, hasa ukishaona ya jirani imefaulu.

Faili iliyozua makelele zaidi ni ya namba kubwa. Ndani yake kitambulisho cha makala kimeandikwa kama namba: 9007199254740993. RFC 8259 ya Desemba 2017 (RFC ni nyaraka zenye namba ambamo itifaki za intaneti huandikwa), ndiyo inayofafanua JSON, inaonya kwamba namba kamili ambazo pande zote zinaweza kuafikiana juu ya thamani yake haswa ni zile zisizovuka 2 kwa kipeo cha 53, kutoa 1, upande wa chanya na upande wa hasi. Namba yetu imevuka mpaka huo kwa makusudi. Programu zilizoandikwa kwa JavaScript zikaisoma na kuirudisha ikiishia na 2 badala ya 3. Programu ya Python ikairudisha ilivyo. Hakuna hata moja iliyolalamika, na hapo ndipo ubaya ulipo: msomaji angehamisha orodha yake, aone kila kitu kipo, halafu baadaye agundue kwamba maelezo aliyoyaandika pembeni yamefungwa kwenye makala isiyokuwepo. Uamuzi ulifikiwa kabla ya jua kuzama: kitambulisho ni mfuatano wa herufi, hata kikiwa na tarakimu tupu. Aya hiyohiyo ilikuwa imekaa kwenye waraka tangu mwanzo na hakuna aliyeigusa.

Faili ya pili ina kitu kimoja chenye jina lilelile mara mbili, yaani kichwa cha makala kimeandikwa mara mbili kwa maneno tofauti. RFC inashauri majina yawe ya kipekee lakini haikatazi kurudia. Programu moja ikachukua kichwa cha mwisho, nyingine cha kwanza, nyingine ikatupa faili nzima. Kwa mujibu wa RFC hakuna aliyekosea, na kwa msomaji wa kawaida wote wamekosea.

Hapo likazuka bishano la kifalsafa ambalo sikulitarajia kwenye hazina ndogo kama yetu. Upande mmoja ukamtaja Jon Postel, mhariri wa itifaki za mwanzo za intaneti, na kanuni yake ya mwaka 1980: uwe makini katika unachotuma, uwe mvumilivu katika unachopokea. Upande wa pili ukaleta RFC 9413 ya Juni 2023, inayoeleza jinsi uvumilivu unavyooza itifaki taratibu. Programu moja ikisamehe kosa, waandishi wa faili hawalioni tena. Kosa linaenea, na atakayekuja baadaye analazimika kulisamehe pia, hata kama halijaandikwa popote. Nimesoma hoja za pande zote kwa makini kuliko nilivyosoma kitu chochote mwaka huu.

Tuliyochagua ni njia ambayo HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, ilishaipita. Kiwango cha HTML hakiishii kusema ukurasa mzuri uweje. Kinaeleza hatua kwa hatua kivinjari kifanye nini kinapokutana na ukurasa mbovu, ili vivinjari vyote vipate matokeo mamoja. Nasi tumefanya hivyo: jina likirudiwa, la mwisho ndilo linalohesabika, na programu sharti imjulishe mtumiaji. Unaweza kupenda uamuzi huo au usiupende. Angalau haumwachi mtu akibahatisha.

Kuanzia sasa, badiliko lolote la waraka linalogusa tabia ya programu haliunganishwi bila jaribio. Utaratibu huu tumeuazima kwa WHATWG, kikundi kinachotunza kiwango cha HTML, ambao hudai majaribio pamoja na kuungwa mkono na watekelezaji wasiopungua 2 kabla ya kubadili kiwango cha HTML, majaribio yenyewe yakiwekwa kwenye mradi wa pamoja wa web-platform-tests unaotumiwa na vivinjari vyote vikuu. Sisi hatuna vivinjari, lakini mantiki ni moja.

Jambo jingine nililoliona: jaribio ni kazi inayokwisha. Faili moja ya ingizo, faili moja ya matokeo yanayotarajiwa, sentensi mbili za maelezo. Mtu anaweza kuianza jioni na kuimaliza jioni hiyohiyo bila kuujua waraka wote, wala historia ya ugomvi wetu. Hoja za waraka hazina mwisho wa namna hiyo, na nadhani ndiyo sababu watu wenye kazi nyingine huzikwepa.

Aprili

Vikao. Saa moja ya kudumu ina maana kuna watu wanaoamka usiku wa manane kila mara na wengine ambao hawaamki kamwe. Tumeanza kuzungusha saa ili usumbufu umfikie kila mmoja, waandishi wakiwemo.

La muhimu zaidi: hakuna kinachoamuliwa kikaoni. IETF ina desturi hii tangu zamani, kwamba yaliyosemwa kwenye kikao hayawi uamuzi mpaka yathibitishwe kwa maandishi, mahali ambapo hata asiyehudhuria anaweza kupinga. Sisi tunaacha siku saba. Kuna waliolalamika kwamba inachelewesha. Ndiyo, inachelewesha.

Mei

Kampuni kubwa imebisha hodi. Sitaitaja. Programu yao ya kusomea ina watumiaji wengi kuliko nyingine zote mradini zikijumlishwa, na walikuja na pendekezo lililokamilika: folda ndani ya folda, yaani makala inakaa ndani ya folda, folda ndani ya folda nyingine, bila kikomo. Wajumbe wa siku zote walikuwa wamekwisha kuandika rasimu ya lebo, ambapo makala moja inaweza kubeba lebo nyingi na hakuna kitu kinachokaa ndani ya kingine. Hizi ni namna mbili tofauti za kufikiri. Kampuni ikaongeza, kwa upole, kwamba muundo wao tayari uko mikononi mwa watumiaji.

Hasira zilipanda haraka. Nikawakumbusha watu kisa cha picha zinazojirekebisha kwa ukubwa wa skrini, kwa sababu kinafanana mno na chetu. Mwaka 2012 kikundi cha jumuiya cha W3C, wengi wao wakiwa wasanifu na watengenezaji wa kurasa, kilikuwa kimeshughulika na elementi iitwayo picture. Mwezi Mei mwaka huo, WHATWG wakaingiza kwenye HTML sifa ya srcset, inayoorodhesha matoleo ya picha ili kivinjari kichague, iliyotokana na pendekezo la upande wa Apple, na wanajumuiya wakaona kazi yao imerukwa. Kama wangeishia kulalamika, kisa kingeishia hapo. Badala yake waliendelea kuandika hali halisi za matumizi ambazo srcset peke yake haikuzimudu, kwa mfano pale picha ya skrini ndogo inapotakiwa kukatwa tofauti kabisa na ile ya skrini kubwa, siyo kupunguzwa ukubwa tu. Kisha wakachangishana fedha hadharani ili mtaalamu mmoja, Yoav Weiss, aweze kuiandika picture ndani ya Blink, injini ya kivinjari cha Chrome. Chrome 38 ikaitoa mwaka 2014. Mwishowe picture na srcset hazikushindana. Moja inaitumia nyingine.

Kinachonivutia kwenye kisa hicho ni kwamba waliokuwa nje ya meza hawakushinda kwa wingi wao. Walileta hali za matumizi zisizopingika, halafu wakaleta msimbo.

Kwa hiyo niliomba pande zote mbili ziache kutetea miundo na zilete faili halisi za wasomaji, zikiwa zimefutwa majina na taarifa za siri. Kampuni ilileta. Wanalebo pia. Ikaonekana kwamba folda nyingi za watumiaji wa kampuni hazina folda nyingine ndani, na kwamba makala zilizo kwenye folda mbili kwa wakati mmoja zilikuwa zimenakiliwa mara mbili kwa sababu programu haikuwapa njia nyingine. Hilo lilikuwa jambo jipya hata kwa wahandisi wa kampuni. Mmoja wao aliandika: "Ndugu zangu, hili hatukulijua."

Maafikiano ya sasa: lebo ndiyo msingi, na lebo inaweza kutaja lebo iliyo juu yake. Folda inapatikana, kunakili hakupo. Kampuni imesema itatekeleza. Sijaandika "wamekubali" kwenye kumbukumbu mpaka nione majaribio yao yakipita.

Juni

Tumekwama kwenye muda, na ni jambo la kukwama kwelikweli.

Swali linaonekana dogo. Msomaji akihifadhi makala, tuandike saa gani? Walio wengi walitaka saa ya UTC, saa ya pamoja ya dunia, peke yake: rahisi kupanga, rahisi kulinganisha, hakuna utata. Mtu mmoja, na nasema mmoja kwa sababu hakuwa na mwenzake, alipinga. Hoja yake: wasomaji hukumbuka siku. "Niliihifadhi Jumapili." Ukiandika UTC peke yake, makala iliyohifadhiwa Jumapili saa tano usiku inaweza kugeuka ya Jumatatu kwa mtu anayeishi magharibi ya mstari wa Greenwich, na ya mtu wa mashariki aliyehifadhi Jumatatu alfajiri ikawa ya Jumapili. Tofauti ya saa ikishatupwa, hakuna hesabu itakayoirudisha.

Ikaombwa kura. Mwenyekiti akakataa, nami namuunga mkono. David Clark, mmoja wa wasanifu wa intaneti, kwenye mkutano wa IETF wa mwaka 1992, alisema wao wanakataa wafalme, marais na kura, na kwamba wanaamini maafikiano ya jumla na programu zinazofanya kazi. Maneno hayo hunukuliwa mno kama kaulimbiu. Anayetaka kujua yanatendwaje asome RFC 7282 ya mwaka 2014, iliyoandikwa na Pete Resnick. Inasema jambo ambalo mtu akilisikia mara ya kwanza hudhani amekosea kusoma: watu 100 wakiunga mkono na 5 wakipinga, huenda maafikiano hayapo, na watu 5 wakiunga mkono na 100 wakipinga, huenda maafikiano yapo. Kinachopimwa ni kama pingamizi limejibiwa. Aliyelitoa si lazima aridhike, lakini hoja yake sharti ishughulikiwe na kuonekana imeshughulikiwa.

Mwenyekiti akauliza hivi: nani amelijibu pingamizi la siku? Nilirudi kusoma mjadala wote. Wengi walikuwa wamesema UTC ni rahisi. Hakuna aliyesema siku ya msomaji itapatikanaje. Pingamizi la mtu mmoja lilikuwa limesimama palepale lilipowekwa, na mlima wa waliounga mkono upande wa pili haukuligusa.

Waraka sasa unataka muda uandikwe kwa muundo wa RFC 3339 ya mwaka 2002 pamoja na tofauti ya saa ya mahali alipokuwa msomaji, kama programu inaijua. Isipojulikana, inaandikwa Z, kwa maana iliyowekwa na RFC 9557 ya Aprili 2024, yaani UTC inajulikana na tofauti ya mahali haijulikani. RFC 3339 ilikuwa na njia yake ya kusema hivyo, nayo ni -00:00, lakini ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe na saa, haiikubali, kwa hiyo tumeiacha. Programu zinazopanga kwa UTC hazijapoteza kitu, zitabadili zenyewe.

Yule mpinzani alikuwa mgeni kabisa mradini. Tangu hapo ameandika majaribio yote ya muda, ukiwemo ule wa sekunde ya 60 (sekunde ya ziada inayoongezwa mara chache kwenye UTC) unaoziangusha programu kadhaa. Pengine angeyaandika hata kama angeshindwa. Sina hakika ningeyaandika mimi ningekuwa nafasi yake.

Julai

Mwezi mfupi, mambo mawili.

Mchango wa kwanza kutoka kwa mtu asiyeandika programu. Ni msomaji asiyeona, anayetumia kisoma skrini, na anasoma kwa lugha zaidi ya moja. Aliuliza kwa nini orodha yake, ikishahamishwa, husomwa yote kwa matamshi ya lugha moja. Jibu ni kwamba hatukuhifadhi lugha ya kila makala. Kisoma skrini huchagua sauti na matamshi kwa kutazama lebo ya lugha, ileile inayowekwa kwenye sifa ya lang ya HTML kwa kufuata BCP 47, mwongozo wa IETF wa lebo za lugha. Programu za awali zilikuwa nayo. Faili yetu ndiyo iliyoiacha njiani. Sasa kila makala ina uga wa lugha, na kila maelezo ya pembeni yana wake, kwa sababu mtu anaweza kusoma kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine. Hakuna mhandisi hata mmoja aliyekuwa amelifikiria.

Nimeongeza njia ya kupokea hoja za namna hiyo bila kumlazimisha mtu ajue hazina ya msimbo inavyotumika. Mmoja wetu huzipokea, huziandika upya kama jaribio, kisha humrudia aliyeleta kumuuliza kama jaribio linasema alichomaanisha. Hatua hiyo ya kumrudia ndiyo inayokula muda. Haitaondolewa.

La pili: mchangiaji mmoja mwenye ujuzi mkubwa amekuwa akiwajibu wageni kwa dharau. Tunafuata kanuni za maadili za W3C, na mwenyekiti amezungumza naye faraghani. Hana budi kubadilika au kuondoka. Kuna waliosema tutapoteza mtu hodari. Mimi nimewaangalia wageni aliowajibu: wengi wao hawajarudi.

Agosti

Mhariri na mwenyekiti sasa ni watu tofauti, na mhariri ameongezeka mmoja. Mhariri anaandika maneno; mwenyekiti ndiye anayetamka kwamba maafikiano yamepatikana. Mtu mmoja akishika vyote viwili, hata akiwa mwadilifu, anayepinga hana pa kwenda.

Mhariri wa pili aliingia mradini kwa kuandika majaribio ya herufi: vichwa vya makala vinavyofanana kwa macho lakini herufi yenye alama imeandikwa kwa msimbo mmoja wa Unicode upande huu na kwa misimbo miwili upande ule. Ana haki kamili ya kuunganisha mabadiliko, bila kuomba ruhusa yangu. Mmoja wa waandishi wa awali aliona ni mapema. Tulikuwa na mazungumzo marefu, na nilimpa historia ya RSS, muundo wa milisho ambao tovuti hutumia kutangaza makala mpya.

Desemba 2000 kulitoka matoleo mawili ya RSS mwezi mmoja: 1.0, lililojengwa na kundi moja juu ya RDF (mfumo wa W3C wa kueleza data), na 0.92, lililokuwa jepesi zaidi, kutoka kwa Dave Winer. Jina moja, miundo miwili, na namba zilizomfanya mtu adhani moja ni mtoto wa nyingine. Septemba 2002 ikaja RSS 2.0, ambayo ilirithi ile ya 0.92 na siyo 1.0. Mwaka 2003 wengine wakachoka, wakaanza upya na Atom, iliyokuja kuwa RFC 4287 Desemba 2005. Hadi leo anayeandika programu ya kusoma milisho hana budi kuzielewa zote. Watu hupenda kusema ugomvi ule ulikuwa wa kiufundi, RDF au bila RDF. Nikisoma kilichotokea, naona zaidi swali la nani mwenye kauli ya mwisho, na halikuwa na jibu ambalo pande zote zililiheshimu.

Mwenzetu hakushawishika moja kwa moja, lakini ameondoa pingamizi lake.

Septemba

Hali ilivyo.

Tulijiwekea sharti la kutotangaza toleo la 1 mpaka kila kipengele kiwe kimetekelezwa na programu mbili zinazojitegemea. Si sharti letu la asili; RFC 2026 ya mwaka 1996 ilidai utekelezaji usiopungua 2, unaojitegemea na unaoelewana, kabla ya kiwango kupanda daraja la kati. Mwezi huu limetusumbua kwa njia isiyotarajiwa. Programu mbili zilizokuwa zimepita majaribio yote zimegundulika kutumia maktaba ileile ya msimbo ndani yake. Zinaelewana kwa sababu ni kitu kimoja. Waandishi wake hawakuficha, hakuna aliyewauliza. Tumezihesabu kama moja, na sasa ripoti ya majaribio ina safu inayoonyesha kila programu inatumia maktaba gani.

Kwa hesabu hiyo mpya, vitambulisho, lugha na majina yaliyorudiwa vimetimiza sharti. Muda umetimiza isipokuwa sekunde ya 60. Lebo zenye lebo juu yake zina utekelezaji mmoja tu, ule wa kampuni ya Mei, ambao kweli umepita. Mtunzi wa Februari amesema ataandika wa pili, kwa lugha nyingine ya programu na bila kutazama msimbo wao.

Hoja moja imefunguliwa wiki hii na tayari ina majibu mengi: lebo A ikisema iko chini ya B, na B ikisema iko chini ya A, programu ifanye nini? Programu ya kampuni huingia kwenye mzunguko usiokwisha na kuganda. Jaribio limeshaandikwa. Matokeo yanayotarajiwa hayajaandikwa, kwa sababu kuna mapendekezo matatu na yote yana watu wanaoyatetea kwa hoja nzito. Siku saba za maandishi zinaisha Alhamisi.